OHINGA: NGOME, BOMA AU KAYA?

Utangulizi

Msafiri atokaye Eldoret kwenda Migori hupitia Kapsabet, Kisumu, Kisii na Rongo. Kutoka mji wa Migori husalia kilomita 46 hivi kuelekea kaskazini-magharibi kabla ya kufika Thimlich Ohinga, makao ya kale yaliyozungushiwa kuta za mawe kilimani, katika bonde la Ziwa Viktoria. Tulipotua hapo kwa muda tukiwa ziarani, mwenzetu mmoja aliandika 'ngome' katika daftari lake, mwingine akaandika 'boma', na ubishi huo ukatufuata hadi Eldoret. Makala haya yananuia kueleza jinsi mahali hapa palivyojengwa, kisha kupendekeza neno linalostahiki kupataja kwa Kiswahili.

Muundo wa Thimlich Ohinga

Jina lenyewe ni la Dholuo. 'Thim' ni pori na 'lich' ni '-a kutisha', ilhali 'ohinga' ni makao yaliyozingirwa kwa ukuta wa mawe. Inakisiwa kwamba kuta hizi zilijengwa katika karne ya 16. Jamii mbalimbali, za Kibantu na za Kiniloti, ziliishi hapo kwa kupokezana na kuzikarabati, na maisha ya namna hiyo yakaendelea hadi katikati ya karne ya 20.

Ajabu ya kuta hizi ni kwamba mawe yake hayakuunganishwa kwa chokaa wala saruji. Wajenzi walipanga safu ya nje na safu ya ndani, kisha wakashindilia mawe madogo katikati, yote yakabanana na kushikana. Penginepo kimo cha ukuta hupita mita 4. Malango nayo ni mafupi na membamba hivi kwamba aingiaye hana budi kuinama, na adui aliyeinama hawezi kurusha mkuki.

Zipo ohinga kubwa nne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Mwanaisimu atatambua hapa kiambishi ka- cha Dholuo, kinacholingana na 'kwa' ya Kiswahili. Kochieng ni 'kwa Ochieng'. Haya ni majina ya wenye miji, si ya majemadari. Ndani ya kuta mlikuwa na nyumba za familia pamoja na mazizi ya mifugo.

Ngome, boma au kaya?

Neno 'ngome' humpeleka msomaji Mombasa moja kwa moja, kwenye Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ile ilikuwa ya askari na mizinga, iliyokusudiwa kulinda bandari kwa niaba ya mfalme wa mbali. Tukiita ohinga 'ngome', tutakuwa tumeeleza ulinzi wake, lakini tutakuwa tumewasahau mama, watoto na ng'ombe waliolindwa.

'Boma' lina ukaribu zaidi, kwani hutaja uzio pamoja na makazi. Hata hivyo, aghalabu boma hudhaniwa kuwa la miti au miiba, na tangu enzi za ukoloni neno hilo limebeba pia maana ya ofisi za serikali. Ufundi wa mawe hauonekani ndani yake.

Mfano wa kuigwa tunao pwani. Wamijikenda waliishi katika makao yaliyohifadhiwa kwa misitu na maboma, mengi yakiwa vilimani, wakayaita kaya. Misitu hiyo ilipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, iliingia kwa jina hilo hilo, nasi twalitumia bila kulitafsiri.

Hitimisho

Thimlich Ohinga nayo iliingia katika orodha hiyo mwaka 2018. Kwa hivyo, makala haya yanapendekeza kwamba 'ohinga' ipokelewe katika Kiswahili kama ilivyo, katika ngeli ya I-ZI: ohinga hii, ohinga hizi, ingawa wingi wake katika Dholuo ni 'ohingni'. Mwanafunzi wa shule akisoma 'ngome' pekee, anaweza kudhani kwamba ujenzi wa mawe uliletwa na wageni kutoka baharini, ilhali kuta hizi zilikuwa zikijengwa na wenyeji katika karne ile ile ya Wareno. Wasomaji wanaojua majina ya makao ya aina hii katika lugha nyingine za Kenya wanaombwa wayatoe, ili mjadala huu uendelee.