Umm Salal: Kucheza Madden bila kumaliza mshahara

Umm Salal, kaskazini mwa Doha, inajulikana kwa minara yake ya kale ya Barzan na kwa klabu yake ya soka yenye jezi za rangi ya chungwa. Klabu hiyo ilitwaa Kombe la Emir la Qatar mwaka 2008, na mwaka uliofuata ikafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Asia.

Kwa Wakenya, Waganda na Watanzania wanaofanya kazi za ulinzi, udereva na usafi nchini Qatar, soka pia ndiyo mazungumzo ya kila siku baada ya zamu. Wengi wao walijifunza kushika kidhibiti cha PlayStation wakiwa nyumbani, katika vibanda vya michezo ya video ambako mechi moja hulipiwa kwa sarafu chache.

Lakini Qatar ina mchanganyiko wa watu. Wanajeshi wa Marekani wapo katika kambi ya Al Udeid, na vyuo vikuu kadhaa vya Marekani vina matawi yake mjini Doha. Wapo pia Waafrika Mashariki wenye ndugu waliohamia Minnesota au Texas. Kwa njia hizo, kijana aliyezoea soka anaweza kujikuta akialikwa kucheza mchezo asioufahamu kabisa: Madden NFL, mchezo wa video wa kandanda ya Kimarekani.

Mgeni wa mchezo huu hukabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni kushindwa mechi nyingi kwa sababu ya mazoea ya soka. Ya pili ni kushawishika kununua kwa fedha ule ushindi alioukosa kwa kutojua sheria.

Dawa ya hatari zote mbili ni moja, nayo ni kuujua mchezo wenyewe.

Mchezo uliokusudiwa kufundisha

Jina la mchezo huu linatokana na John Madden, aliyekuwa kocha wa timu ya Oakland Raiders kuanzia mwaka 1969 hadi 1978. Aliiongoza timu hiyo kutwaa ubingwa wa Super Bowl mnamo Januari 1977, kisha akawa mtangazaji mashuhuri wa televisheni. Alifariki dunia Desemba 2021.

Katika miaka ya 1980 kampuni ya Electronic Arts ilimwomba ashiriki kutengeneza mchezo wa kompyuta. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na uwezo mdogo, na watengenezaji walipendekeza timu zenye wachezaji wachache. Madden alikataa. Alisisitiza kuwa bila wachezaji 11 kila upande, hiyo si kandanda ya kweli. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1988.

Nia yake ilikuwa watu wajifunze namna kocha anavyofikiri. Ndiyo maana hadi leo anayetegemea wepesi wa vidole peke yake hushindwa na anayesoma mpango wa mpinzani.

Sheria za msingi

Uwanja una urefu wa yadi 100, sawa na mita 91 hivi, na kila mwisho una eneo la kufungia lenye kina cha yadi 10. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifanikiwa, hupata majaribio mengine manne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani.

Kuufikisha mpira katika eneo la kufungia huleta pointi 6. Baada ya hapo timu huweza kupiga teke la pointi 1 zaidi, au kujaribu tena kuingia kwa pointi 2. Teke la kupitisha mpira kati ya milingoti katika jaribio la kawaida huleta pointi 3.

Anayeijua raga ataona undugu wa michezo hii miwili, ila kuna tofauti kubwa. Katika raga mpira haurushwi mbele kwa mkono. Katika kandanda ya Kimarekani unaweza kurushwa mbele mara moja katika kila jaribio, na mwenye jukumu hilo kwa kawaida ni kiongozi wa mashambulizi, anayeitwa kwotabeki.

Tofauti hizo hazikumzuia Mkenya Daniel Adongo. Alikuwa mchezaji wa raga aliyecheza New Zealand na Afrika Kusini, na hakuwa ameicheza kandanda ya Kimarekani kabla ya kusajiliwa na timu ya Indianapolis Colts mwaka 2013. Desemba mwaka huo akawa Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya ligi ya NFL.

Kusoma kabla ya kubonyeza

Mchezaji wa soka amezoea mpira usiosimama. Katika Madden, kila jaribio hudumu sekunde chache tu, kisha mchezo husimama. Muda huo wa kusimama ndio wenye thamani kubwa kuliko yote.

Hatua ya kwanza ni kuwatazama walinzi wa nyuma kabisa kabla ya mpira kuanzishwa. Akiwa mmoja tu katikati, mara nyingi pembeni mwa uwanja kuna nafasi. Wakiwa wawili waliogawana uwanja, nafasi huweza kupatikana katikati yao.

Hatua ya pili ni kumhamisha mpokeaji mmoja kutoka upande mmoja kwenda mwingine kabla mpira haujaanzishwa, jambo linaloruhusiwa na sheria. Mlinzi mmoja akimfuata hadi upande wa pili, kwa kawaida timu hiyo inalinda mtu kwa mtu. Walinzi wakibaki mahali pao au wakisogea kidogo tu, kwa kawaida kila mmoja analinda eneo lake.

Jibu hilo humwonyesha mchezaji la kufanya. Dhidi ya ulinzi wa mtu kwa mtu, wapokeaji wanaokatiza uwanja kwa kasi huwaacha walinzi wao nyuma. Dhidi ya ulinzi wa eneo, anayefaa ni mpokeaji anayesimama katika pengo kati ya walinzi wawili.

Mpira ukishaanzishwa, kila mpokeaji huwa na alama ya kitufe juu ya kichwa chake. Kukigusa kitufe kwa wepesi huurusha mpira juu kwa upinde, na kukishikilia huurusha kwa nguvu na kwa mstari ulionyooka. Mgeni hupoteza mipira mingi kwa kuirusha juu mahali penye walinzi wengi. Pasi fupi ya yadi tano si ya kudharauliwa, kwani mbili za namna hiyo hutimiza yadi kumi zinazohitajika.

Asipoonekana mpokeaji aliye huru, ni heri kuutupa mpira nje ya uwanja. Jaribio moja lililopotea hurekebishika, lakini mpira ulionyakuliwa huwa umekwenda.

Mwenda pole hajikwai

Kosa la kawaida la mgeni anayekimbia na mpira ni kushikilia kitufe cha kasi tangu mwanzo. Mkimbiaji huwagonga migongoni wenzake wanaomfungulia njia, naye huangushwa hapo hapo.

Inafaa kusubiri hadi pengo litokee, kulipita, na ndipo kuongeza kasi. Kabla ya hapo ni vizuri kuwahesabu walinzi waliosogea karibu na mstari wa mbele. Wakiwa sita au pungufu, kukimbia kuna matumaini. Wakiwa wanane, pasi ndiyo njia bora.

Wakati wa kulinda, tamaa kubwa ni kumdhibiti mlinzi wa mbele na kumkimbilia kwotabeki. Kazi hiyo ni afadhali iachiwe kompyuta. Mchezaji anafanya vyema zaidi akimchukua mlinzi wa katikati na kuzuia pasi fupi, kwa kuwa hapo ndipo wapinzani wengi hupenda kurusha mpira.

Jaribio la nne na saa

Jaribio la nne ndilo huwaumbua wageni wengi. Timu iliyo katika nusu yake ya uwanja ikijaribu kusonga na kushindwa, humwachia mpinzani mpira karibu na eneo lake la kufungia. Kwa kawaida ni busara kuupiga mpira mbali na kuanza kulinda.

Kwa anayefikiria teke la pointi 3, hesabu ni rahisi: huongeza yadi 17 juu ya umbali uliobaki kufika mstari wa kufungia. Mpira ulio katika yadi ya 30 ya mpinzani ni teke la yadi 47, ambalo mpigaji mzuri huliweza.

Saa nayo ina kanuni zake. Pasi isiyodakwa huisimamisha. Mkimbiaji anayeangushwa ndani ya uwanja huiacha iendelee. Anayeongoza kwa pointi mwishoni mwa mechi hukimbia na mpira na kubaki ndani ya mistari. Anayedaiwa pointi hutafuta pembeni na kutunza vipindi vyake vitatu vya kusimamisha saa katika kila nusu ya mechi.

Mahali pa kujifunzia hayo yote ni ndani ya mchezo wenyewe. Matoleo ya tangu mwaka 2013 yana sehemu ya mafunzo, na kompyuta huweza kumpendekezea mchezaji mbinu ya kutumia katika kila jaribio. Kiwango cha ugumu kinaweza kuanza chini kabisa na kupanda polepole. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji malipo ya ziada.

Kadi na mshahara

Hapo ndipo suala la fedha linapoingia.

Tangu Machi 2021, sheria ya Qatar imeweka kima cha chini cha mshahara wa msingi kuwa riyali 1,000 kwa mwezi, mbali na posho ya chakula na makazi pale mwajiri asipovitoa. Matoleo mapya ya Madden ya miaka ya karibuni yamekuwa yakiuzwa nchini Marekani kwa dola 69.99, ambazo ni takriban riyali 255. Kwa anayepokea kima cha chini, hiyo ni zaidi ya robo ya mshahara wa msingi.

Gharama haikomei hapo. Tangu toleo la Madden NFL 10 kumekuwa na sehemu iitwayo Ultimate Team, ambamo mtu huunda timu kwa kukusanya kadi za wachezaji. Kadi huweza kupatikana kwa kucheza, lakini pia huuzwa katika pakiti zilizofungwa. Mnunuzi hajui atakachokikuta ndani mpaka alipe.

Mfumo huo umezua mjadala katika nchi mbalimbali. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilitamka kwamba pakiti za aina hiyo zinazolipiwa ni kamari. Mwanzoni mwa mwaka 2019 kampuni ya Electronic Arts iliacha kuuza nchini humo pointi za kununulia pakiti katika mchezo wake wa soka.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hulitambua wakiwa wamechelewa. Toleo jipya hutoka kila mwaka, kwa kawaida mwezi Agosti, na kadi za mwaka uliopita hazihamishwi. Timu iliyogharimu fedha za miezi kadhaa hubaki katika mchezo wa zamani, wakati wapinzani wamekwisha kuhamia katika mpya.

Kwa mtu ambaye sehemu ya mshahara wake ni karo ya shule au dawa za mzazi, tahadhari tatu zinafaa. Kwanza, asihifadhi namba za kadi yake ya benki katika mashine inayotumiwa na watu wengi chumbani. Pili, anunue toleo la mwaka uliopita, ambalo huwa na bei nafuu, sheria zikiwa karibu zile zile. Kabla ya kununua diski ahakikishe mashine ina mahali pa kuitia, maana nyingine hazina. Tatu, acheze mechi za watu wawili katika mashine moja, ambapo timu zote za ligi zinapatikana bila kadi yoyote.

Saa za Marekani, usingizi wa Ghuba

Qatar na Afrika Mashariki zina saa zilezile, kwa hiyo anayepanga mechi na ndugu aliyeko Nairobi au Dar es Salaam hana hesabu ya kupiga. Minnesota iko nyuma kwa saa nane au tisa, kutegemea majira. Mwenyeji wa huko anaporudi kazini jioni, Umm Salal ni usiku wa manane.

Hali ni hiyo hiyo kwa anayetaka kujifunza kwa kutazama ligi yenyewe. Mechi za mchana wa Jumapili nchini Marekani huanza saa mbili au saa tatu usiku kwa saa za Doha, na hizo zinatazamika. Super Bowl huanza mnamo saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, na nchini Qatar Jumatatu ni siku ya kazi. Kwa mlinzi au dereva wa zamu ya alfajiri, usingizi uliokosekana ni hatari kwake na kwa wengine barabarani.

Kwa upande mwingine, kandanda hii inazidi kulisogelea eneo la Afrika Mashariki. Mwaka 2023 NFL iliendesha kambi ya kusaka vipaji jijini Nairobi. Aina yake isiyo na kugongana, yenye wachezaji watano kila upande, imeingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028.

Kijana anayejifunza leo kwa kidhibiti kutofautisha ulinzi wa eneo na ule wa mtu kwa mtu atakuwa na macho ya kuitazama michezo hiyo kwa kuielewa. Maarifa hayo, tofauti na kadi, hayapotei toleo jipya linapotoka mwezi Agosti.