Laptopu Ifungwe, Kazi Iendelee: Ulipie Nini, Uache Nini

Kwenye maduka ya kuchapisha ya Ukunda na Msambweni, laptopu ya mtumba ndiyo kompyuta ya kazi. Inashusha mafaili usiku, inaweka hesabu za duka, au imevunjika kioo na inasubiri skrini ya nje. Ukiifunga, inalala na kazi inakatika. Usimlipe mtu yeyote kukutatulia hilo, kwa sababu dawa yake ni bure.

Kwenye Windows, fungua Control Panel, ingia Power Options, tafuta sehemu ya kifuniko, kisha uchague "Do nothing". Zima pia muda wa kulala wenyewe, la sivyo itasinzia hata ikiwa wazi. Ukiweka hivyo hata kwa upande wa betri, usiitie mkobani kabla ya kuizima: itaendelea kuwaka humo na joto litaiumiza. Laptopu ya Apple haikubali kirahisi hivyo. Inataka chaja, skrini ya nje, kibodi na kipanya, kwa hiyo hesabu gharama hizo mapema.

Kioo kimevunjika? Kukibadilisha huchukua kama shilingi 6,000 hadi 9,000, na mara nyingi bei ya kwanza unayotajiwa haina ufundi ndani yake. Uliza bei ya mwisho. Skrini ya mtumba ya inchi 19 hupatikana kwa 4,000 hadi 6,000, lakini nyingi ni za tundu la zamani la VGA, na adapta ni mia tano au zaidi. Ongeza kibodi na kipanya, kama 1,000. Laptopu ikikaa meza moja, nunua skrini. Ukiibeba kwenda kazini Diani kila siku, badilisha kioo.

Ukifuata bei ya chini Mombasa, feri ya Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu, lakini matatu si bure, na kifaa kibovu kitakurudisha huko mara ya pili. Kwa tofauti ya shilingi mia tano, nunua hapa Ukunda, kwenye duka utakaloweza kulirudia ukiwa na risiti mkononi.

Usishawishike kununua kompyuta ya mezani kwa kazi ya usiku na mchana. Laptopu inayokula wati 20 hutumia karibu uniti nusu kwa siku. Ukikadiria uniti kwa shilingi 30, ni kama 430 kwa mwezi. Ya mezani ya wati 100 pamoja na skrini itafika 2,160. Tena stima ikipotea, ya mezani inazimika papo hapo, nayo laptopu ina betri yake. Rauta haina, na hapo ndipo wengi hushangaa: laptopu inawaka, intaneti hakuna. Betri ndogo ya rauta, kama 2,500, ina faida kuliko feni ya kuweka chini ya laptopu.

Joto la pwani ni adui wa kweli, hasa Machi. Baadhi ya laptopu hupumua kupitia kibodi, na hizo uziache wazi kidogo. Nyingine ziinue kwa vipande viwili vya mbao, mbali na dirisha la upepo wa chumvi. Kama mashine yako ina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, uwashe. Chini ikianza kuvimba au padi ya kidole kuinuka, ni betri: zima laptopu, ichomoe, uipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo.