Mwanakwaya wa Solfa Mbele ya Mtihani wa Nota

Kijana aliyekulia kwenye kwaya ya parokia, anayeweza kuwafundisha sauti ya tatu na ya nne bila kutazama karatasi, anaweza kupata nafasi ya kusoma muziki katika chuo kikuu cha Marekani, na kabla masomo hayajaanza akajikuta kwenye chumba cha mtihani, mbele ya mistari mitano asiyoweza kuisoma. Mtihani huo haumkubali wala kumkataa. Alikwisha kukubaliwa alipoimba au kupiga ala mbele ya walimu. Huu ni wa kumpangia darasa.

Mara nyingi hupimwa nadharia, sikio na piano. Piano huwahusu hata waimbaji, ingawa wasioijua huanzishiwa tu darasa la mwanzo. Nadharia ndiyo yenye uzito. Atakayeshindwa hupelekwa darasa la misingi, ambalo katika vyuo kadhaa halihesabiwi kwenye shahada. Kwa kuwa nadharia huchukua kwa kawaida mihula minne inayofuatana, kuchelewa muhula mmoja kunaweza kuongeza muda wa masomo, na ada pia. Kwa aliyesafirishwa kwa michango ya jumuiya, hilo si jambo dogo.

Je, solfa imempotezea muda? Hapana. Mchungaji Mwingereza John Curwen, aliyeieneza solfa katika karne ya 19 akifuata kazi ya mwalimu Sarah Glover, alikusudia mwanzoni imsaidie mwimbaji kusoma mistari. Baadaye ndipo ilipoanza kusimama peke yake, na hivyo ndivyo wengi wetu tulivyoipokea. Tena silabi zenyewe na matumizi ya mistari vyote vinarudi kwa mmonaki mmoja, Guido wa Arezzo, wa karne ya 11. Mseminari anayeimba Kigregoriani kwa mistari minne, akitafuta kwanza alama ya do iko mstari gani, tayari amefika nusu ya njia.

Nusu iliyobaki ni kujua do inakaa wapi kwenye mistari mitano. Katika solfa tunaandikiwa juu ya wimbo kwamba do ni G. Kwenye mistari hatuandikiwi. Tunahesabu alama za mwanzo. Wimbo wa meja ukiwa na shapu, ile ya mwisho ni ti, na do iko nusu hatua juu yake: shapu tatu, ya mwisho ni G shapu, basi do ni A. Ukiwa na flati mbili au zaidi, ile ya kabla ya mwisho ndiyo do yenyewe. Flati moja do ni F. Hiyo ikariri tu. Anayefanya zoezi hili kila siku kwa nyimbo za Misa anazozijua atashangaa jinsi mistari inavyoanza kuimba.

Kwenye sikio, mwanakwaya wetu huenda akawapita wengi. Akipewa wimbo asioujua auimbe papo hapo, aliyezoea kusikia fa ikivutwa kwenda mi ana pa kushika. Hatari iko kwingine: baadhi ya vyuo hufundisha kwamba do ni C daima, wimbo uwe wa ufunguo wowote. Kwa hiyo kabla hujafungua kinywa, muulize mwalimu do yao ni ipi. Swali hilo halikupunguzii alama.