Ukianguka na Baiskeli, Usiharakishe Kusema "Sijaumia"



Mtu akianguka na baiskeli mbele za watu, jambo la kwanza analofanya si kujikagua kama ameumia. Kwanza hutazama kulia na kushoto kuona ni nani amemwona. Kisha huinuka upesi, hujikung'uta vumbi, huubana usukani kwa magoti aunyooshe, na hata kabla hajaulizwa husema, "Sijaumia!" Hapo watoto wa jirani wameshika mbavu kwa kicheko, na mama muuza vitumbua amejifunika uso kwa kanga ili asionekane anacheka.

Kucheka si dhambi, nasi katika toleo hili tutacheka. Lakini neno hilo "sijaumia" wahudumu wa afya wanaliogopa, kwa sababu wamekwisha kulisikia kutoka kwa watu walioletwa siku ya pili wakiwa wamebebwa.

Aibu ya baiskeli haichagui mtu. Mwaka 2006 kijana mmoja mzaliwa wa Nairobi, Chris Froome, alikwenda Salzburg, nchini Austria, kuiwakilisha Kenya katika mashindano ya dunia ya vijana walio chini ya miaka 23. Yalikuwa mashindano ya kushindana na saa, ambapo kila mmoja huanza peke yake huku watu wote wakimtazama yeye tu. Froome akateremka kwenye jukwaa, akakanyaga pedeli kwa nguvu zote, na sekunde chache baadaye akamgonga ofisa wa mashindano! Kijana huyo huyo baadaye alishinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Wakati huo alikuwa akiendesha kwa jina la Uingereza, lakini watu wa Nairobi bado humwita wao.

Hata akiwa bingwa vituko havikumwacha. Tarehe 14 Julai 2016, katika mlima Ventoux nchini Ufaransa, watazamaji waliisonga barabara hata pikipiki iliyokuwa mbele ikasimama ghafla. Waendeshaji wakaivaa, na baiskeli ya Froome ikaharibika. Naye, akiwa amevaa fulana ya njano ya kiongozi, akaanza kupanda mlima kwa miguu, mbio, na viatu vyake vya baiskeli vinavyoteleza kama kwato. Mwezi Juni 2019 alikuwa akikagua njia ya mashindano, akaachia usukani mkono mmoja ili apenge kamasi. Upepo ukampiga, akagonga ukuta. Alivunjika mfupa wa paja, kiwiko na mbavu. Kwa kupenga kamasi tu! Basi wazazi mnaowaona vijana wenu wakiteremka mlima na mikono kifuani ili wasichana wawaone, mnalo la kuwasimulia jioni.

Tukirudi kwetu. Ajali ambayo watu huidharau kuliko zote ni ile ya kuchomwa tumboni na ncha ya usukani. Mtoto amepanda baiskeli ya baba yake iliyo kubwa kuliko yeye, mguu ameupenyeza chini ya bomba la juu, anaendesha ubavu-ubavu. Gurudumu la mbele linapinda, usukani unageuka, naye anaangukia ile ncha. Ngozi haichaniki. Pengine hubaki alama ndogo ya mviringo kama shilingi. Mtoto anaona haya, au anaogopa kuchapwa kwa kuichukua baiskeli bila ruhusa, hivyo ananyamaza.

Ndani ya tumbo, upande wa kushoto chini ya mbavu, kuna bandama. Kiungo hiki kimejaa damu, na kwa watu wa sehemu zenye malaria nyingi mara nyingi huwa kimevimba, hata kikatokeza nje ya kinga ya mbavu. Bandama iliyovimba hupasuka kwa pigo dogo. Ini nalo laweza kupasuka, na utumbo na kongosho vyaweza kubanwa kati ya usukani na uti wa mgongo. Haya hayaonekani saa ile ile. Mtoto anaweza kula chakula cha jioni na wenzake, na madhara ya utumbo au kongosho yakajionyesha baada ya siku moja au mbili.

Kwa hiyo mama, ukiona mtoto aliyekuwa mchezaji amejikunja mkekani, anatapika, tumbo limekaza kama ngoma, midomo imepauka, anatoka jasho la baridi, moyo unakwenda mbio, usimpe dawa ya minyoo. Mwulize kwa upole kama alianguka. Akisema bega la kushoto linamwuma na hali bega halikuguswa, usimwone mwongo. Damu iliyomwagika tumboni huweza kuleta maumivu begani. Mpelekeni hospitali yenye chumba cha upasuaji bila kungoja asubuhi, wala msimpe chakula njiani. Mkojo wenye damu baada ya kuanguka nao ni wa kupelekwa, kwani figo huenda imeumia. Ila kwa majirani wa Ziwa Viktoria niongeze hili: kijana anayekojoa damu kila mara na kusema ni kwa sababu ya siti ngumu ya baiskeli, apimwe kichocho.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu hawapendi kulitaja hata kwa mganga. Mazungumzo yenyewe huwa hivi. Mzee anaingia zahanati akitembea miguu imeachana kama mtu aliyebeba debe kati ya mapaja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Unaumwa nini leo?"

"Mgongo."

Muuguzi anapapasa mgongo, hauna kitu. Mzee anatazama dirishani. Anaomba aitwe tabibu wa kiume. Tabibu anakuja, mlango unafungwa, na ndipo inajulikana kuwa jana jioni mguu uliteleza kwenye pedeli mbele ya klabu ya pombe, naye akatua juu ya bomba.

Wanaume, Mungu aliviumba viungo hivyo pamoja na vingine vyote, na tabibu amekwisha kuviona vingi. Maumivu ya kutua kwenye bomba mara nyingi hupungua katika saa moja au mbili kwa kulala chali na kuweka kitambaa cha maji baridi. Lakini uvimbe ukizidi, mkojo ukikataa kutoka, au damu ikionekana kwenye tundu la mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, wala usiminye ili mkojo utoke. Kwa wavulana kuna hatari nyingine: korodani hujisokota kama kamba, damu ikashindwa kufika. Hutokea baada ya pigo na hata bila pigo. Maumivu huja ghafla, makali, pamoja na kutapika, na korodani moja huonekana imepanda juu. Hapo mna kama saa sita tu za kuiokoa kwa upasuaji, na mtoto aliyeona haya kumwambia mama yake tangu saa mbili usiku hadi kulipokucha amekwisha kuzipita.

Wasichana nao huangukia bomba. Mara nyingi ni mchubuko wa nje unaopona kwa maji safi na usafi, lakini damu isiyokoma au kushindwa kukojoa ni kazi ya hospitali. Nawasihi akina mama, msianze kwa kumkaripia binti na kumtilia shaka. Mtoto aliyekaripiwa mara ya kwanza hasemi tena mara ya pili. Na mhudumu akiuliza maswali mengi kuhusu ilivyotokea, msikasirike. Ni wajibu wake kuona kama jeraha na maelezo vinalingana, kwa ajili ya kumlinda mtoto.

Kufa ganzi sehemu za siri baada ya safari ndefu ni jambo jingine, nalo hutokana na siti kubana mishipa ya fahamu na ya damu. Wenye baiskeli za kubebea abiria wanalijua, ingawa hawasemi. Siti iwe sawa, isiinue pua juu. Urefu wake hupimwa hivi: kaa sitini, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka bila kiuno kuinama upande. Tena uinuke sitini mara kwa mara njiani. Ganzi isiyoondoka baada ya kupumzika siku chache haitakiwi kufichwa.

Nguo zimeleta vichekesho vingi. Kanga ikiingia kwenye spoki za nyuma abiria hubaki na gauni la ndani katikati ya barabara, na mapadre wa zamani waliotembelea vigango kwa baiskeli walijua kero ya kanzu nyeupe kuliwa na mnyororo wenye grisi. Ndiyo maana baiskeli za kike hazina bomba la juu, na Waholanzi huweka wavu juu ya gurudumu la nyuma kukinga magauni. Nguo ikinaswa, simama, usivute; geuza pedeli kinyumenyume itoke taratibu. Mtandio uliofungwa shingoni usining'inie nyuma hata kidogo. Huo si wa kuchekesha.

Kuna kinachonaswa zaidi ya nguo, yaani kisigino cha mtoto aliyekaa kwenye keria. Mtoto anasinzia, mguu unaingia kwenye spoki, baba anahisi baiskeli nzito, naye anakanyaga kwa nguvu zaidi. Jeraha hili hudanganya. Siku ya kwanza ngozi huonekana imechubuka tu, lakini ilipondwa, na baada ya siku kadhaa huwa nyeusi na kufa, hata mshipa mkubwa wa kisigino ukaonekana. Osheni kwa maji mengi safi na sabuni, mfunike kwa kitambaa safi, mtoto asikanyagie, mmpeleke akaangaliwe mfupa. Msitie grisi, majivu, wala kinyesi cha ng'ombe. Pepopunda hupenda majeraha ya namna hiyo, hivyo mwulize mhudumu kama chanjo yake imekamilika. Na mtu mzima aliyeumia barabarani aulize vivyo hivyo. Kinga yenyewe haina gharama: mpira wa zamani wa baiskeli ukikatwa na kusukwa kando ya gurudumu, na vyuma viwili vya kukanyagia, fundi hufanya kwa muda mfupi. Mtoto awe na viatu. Anayesinzia ateremshwe, mtembee.

Nilisema tutacheka, basi nimsimulie Mholanzi Tom Dumoulin. Mwezi Mei 2017 alikuwa akiongoza mashindano ya kuzunguka Italia, amevaa fulana ya waridi, kamera za televisheni zinamfuata. Tumbo likamkoroga. Akavumilia, akashindwa. Chini ya mlima mkubwa wa mwisho akasimama, akavua fulana ya bingwa, akatupa baiskeli, akachuchumaa kando ya barabara, na dunia nzima ikajua. Alipoteza zaidi ya dakika mbili siku hiyo. Akapanda tena, na siku chache baadaye akashinda mashindano yote kwa tofauti ya sekunde 31. Napenda habari hii kwa sababu hakuona haya kusimama. Mwenye kuhara anayeendesha juani hupoteza maji mara mbili, kwa jasho na kwa tumbo, na kizunguzungu humwangusha mbele ya lori. Apumzike, anywe maji ya chumvi na sukari yaliyochanganywa sawasawa kwa kipimo cha zahanati.

Kuhusu kichwa sitasema mengi, maana hakuna kichekesho. Waendeshaji mashuhuri walilazimishwa kuvaa kofia ngumu mwaka 2003, baada ya mwenzao Andrei Kivilev wa Kazakhstan kufariki kwa kuumia kichwa mashindanoni Ufaransa. Aliyegonga kichwa, hata akisema hajaumia, asiachwe peke yake siku nzima na usiku wake. Akitapika mara kwa mara, akiongea ovyo, akisinzia isivyo kawaida, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, akipata degedege au akitoka damu au maji masikioni, apelekwe hospitali mara moja. Na aliyetoka kilabuni msiseme ni pombe tu. Pombe na damu ndani ya kichwa hufanana sana usiku.

Wapanda baiskeli wanaye msimamizi wao pia, Bikira Maria wa Ghisallo, mwenye kikanisa mlimani huko kaskazini ya Italia. Papa Pius XII alimtangaza mwaka 1949. Mwombeni. Kisha mkague breki kabla ya kushuka mlima, kwa sababu wengi parokiani kwetu bado wanafunga breki kwa kukandamiza kandambili juu ya tairi, na kandambili ikiteleza kinachofuata ni kidole gumba.