Kwenye simu pampu inafanya kazi, shambani maji hayapandi: angalia waya wako

Wiki iliyopita kijana mmoja anayelima nyanya kwa umwagiliaji wa matone alinifuata na simu mkononi. Alikuwa amechora saketi ya pampu yake kwenye programu ya kuigiza umeme: betri za sola za volti 24, waya, na pampu ya wati 240. Programu ikamwonyesha pampu inapata volti 24 na ampea 10, yaani mambo safi. Shambani sasa, pampu inazunguka kivivu, maji hayafiki kwenye tenki, na nyanya ndiyo kwanza zinatoa maua. Alishaanza kutafuta hela ya pampu nyingine. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hiyo hela usiitoe kwanza."

Mambo ni hivi. Kwenye programu hizi, mstari unaochora kama waya hauna ukinzani hata kidogo, uwe wa mita 1 au 1,000. Waya wa dukani unao. Kwa waya wa shaba, hesabu yake ni rahisi:

Ukinzani (ohmu) = 0.0172 × urefu wa mita ÷ unene wa milimita za mraba.

Kutoka kwenye betri zake hadi kisimani ni mita 60. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 120. Yeye katandaza waya wa 2.5. Jibu ni kama ohmu 0.83. Unaweza kuiona ndogo, lakini pampu yenyewe kwenye mchoro wake ina ohmu 2.4 tu.

Tukaongeza hizo ohmu 0.83 kwenye mchoro. Majibu yakageuka palepale: ampea 7.4, na pampu inabaki na volti 17.8. Ukizidisha unapata wati 132 badala ya 240. Karibu nusu ya nguvu imepotea! Mota halisi haifanani kabisa na ukinzani wa kwenye mchoro, kwa hiyo namba za shambani zitatofautiana kidogo, ila ugonjwa ni huohuo.

"Lakini afisa, mbona nilipima kisimani nikakuta volti 24?" Alipima pampu ikiwa imezimwa. Umeme usipotembea, waya haupotezi volti. Pima pampu ikiwa inafanya kazi, kwenye betri na kwenye pampu, kisha linganisha.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza, weka waya wa 16: ukinzani unashuka hadi ohmu 0.13 na pampu inapata volti 22.8. Ya pili, ambayo mara nyingi ni nafuu, sogeza paneli na betri karibu na kisima. Zikiwa mita 10 tu, waya uleule wa 2.5 unakuwa na ohmu 0.14. Ila fikiria na ulinzi, wezi wa paneli wapo.

Kuna kingine kilichomchanganya. Alijaribu kuchora betri mbili sambamba, mpya ya volti 12.6 na ya zamani ya volti 12, programu ikakataa kabisa. Sababu ni ileile: betri ya kwenye mchoro haina ukinzani wa ndani, kwa hiyo mkondo unakuwa hauna kikomo. Ipe kila moja ohmu 0.02 utaona ampea 15 zikitoka kwenye betri mpya kwenda kwenye ya zamani, pampu hata haijawashwa. Ndiyo maana tunasema usichanganye betri mpya na kuukuu.

Kwa hiyo kuchora kwenye programu ni kuzuri, endeleeni. Ila kabla ya kuamini jibu, jiulize: nimeweka urefu na unene wa waya wangu? Kama hapana, umechora shamba la mtu mwingine. Na kabla ya kununua pampu mpya, chukua futi kamba, pima umbali, piga hesabu, kisha mwite fundi mkague pamoja.