Tulia Kwanza, Kisha Tuliza Mifugo

Ndugu wasomaji wa Nyasubi, mnakumbuka Mwakata. Machi 2015, mvua ya mawe na upepo mkali viliangusha nyumba za udongo katika kijiji hicho cha wilaya yetu ya Kahama. Watu zaidi ya 40 walikufa.

Dhoruba ikipita, moyo hudunda na mikono hutetemeka. Si ugonjwa. Kaa mbali na kuta zilizopasuka. Vuta pumzi polepole. Kaa na watoto na majirani.

Kisha nenda zizini. Ng'ombe mwenye hofu hupiga teke au hukimbia. Usimpigie kelele wala usimchape. Mwite kwa sauti aliyoizoea. Mpe maji.

Hofu isipokwisha baada ya wiki chache, nenda zahanati.

Mchungaji akitulia, mifugo nayo hutulia.