Waamuzi Wawili: Suluhu ya Ndoa Kabla ya Mahakama

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wake (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndoa inapoingia dosari, iwe Kwaluguru, Handeni mjini au Korogwe, imamu hubishiwa hodi kabla ya hakimu. Swali zito atakaloulizwa ni hili: je, wazee wa kikao wanaweza kumtaliki mke ikiwa mumewe amekataa kutoa talaka? Akijibu kimakosa, mwanamke ataolewa naye bado ni mke wa mtu.

Asili ya kikao hiki ni Qur'an (4:35). Panapochelewa mfarakano, hutumwa mwamuzi mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke, wenye nia ya kusuluhisha. Wazigua kwa mila yao huhesabu ukoo upande wa mama, na kauli ya mjomba ina uzito. Basi mjomba anafaa kuwa mwamuzi, maadamu ni mwadilifu na anaijua hukumu.

Katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman (r.a.), Aqil bin Abi Talib na mkewe Fatima bint Utba waligombana. Walitumwa Ibn Abbas na Muawiya. Ibn Abbas aliona watenganishwe, Muawiya hakupenda. Walipofika, wakawakuta wawili wale wameshapatana na mlango umefungwa.

Lakini wasipopatana? Hapa maulamaa wamekhitalifiana. Kwa Imam Malik, waamuzi ni mfano wa mahakimu, na hukumu yao ya kutenganisha hupita. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, ni kwamba wao ni mawakili. Hawatoi talaka ila kwa idhini ya mume, wala hawakubali fidia ya khului ila kwa idhini ya mke. Hivyo jibu la swali letu, kwa madhehebu haya, ni hapana.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo ina mlango wake. Isipokuwa kwa dharura zilizotajwa humo, hakuna shauri la talaka litakalopokelewa kabla ya Baraza la Usuluhishi kuthibitisha kuwa limeshindwa. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wawili hadi watano, na hati yake isizidi miezi sita shauri linapofunguliwa. Mabaraza ya BAKWATA yaliyoteuliwa hufanya kazi hiyo. Kifungu cha 107(3) kinasema: katika ndoa ya Kiislamu, Baraza likishatoa hati, kisha ikatolewa talaka ya sharia, mahakama itaitambua kuwa ndoa imevunjika. Basi mpangilio ni Baraza kwanza, talaka baadaye.

Tunawausia maimamu mambo manne. Idhini ya kila upande iandikwe mwanzo wa kikao. Talaka ikitolewa, iandikwe idadi yake, tarehe yake na mashahidi, ili eda ijulikane. Mahari, matunzo ya watoto na mali viamuliwe kabla watu hawajatawanyika. Na mume akikataa kabisa, kikao kisijitwalie mamlaka: mke apelekwe kwenye Baraza apate hati, aombe fasikhi kwa kadhi na talaka mahakamani. Kumwacha akining'inia, si mke wala si mtalaka, ni dhulma ambayo Qur'an (4:129) imeikataza.

Wallahu aalam.